Gitaa la Mama Nabwire

Kila Jumamosi asubuhi Wangu alifagia maranda katika karakana ya baba yake, mtaani Umoja. Lilikuwa banda la mabati lililoegemea nyumba yao. Humo Fundi Muturi alitengeneza viti, vitanda na, mara moja moja, gitaa lililovunjika. Wangu alikuwa na miaka kumi na mitatu, na alijua kutofautisha mbao na plaiwudi kwa kugonga tu. Usingethubutu kumbishia, maana angekugongea meza nzima mpaka uombe radhi!

Mwaka huo wa 1979 kwaya ya vijana ya kanisa lao ilikuwa ikijiandaa kwa mashindano. Gitaa lao lilikuwa limepasuka tumbo lisitengenezeke tena, na mpigaji wao Otiende, kijana wa miaka kumi na sita mwenye maneno mengi, alikuwa amebaki kupiga makofi. Vijana wakauza maandazi miezi miwili, wakapata shilingi mia mbili na hamsini. Ndipo wakasikia kwamba Mama Nabwire, mjane wa mfanyakazi wa reli, alikuwa akiuza gitaa la marehemu mumewe kabla ya kurudi kwao Busia. Alitaka mia tatu.

"Wangu ndiye aende kulikagua," alisema Roseline, kiongozi wa kwaya. "Mtoto wa fundi hadanganyiki kwa rangi. Otiende, msindikize."

Wangu alijiona amerefuka ghafla. Baba yake akampa kioo kidogo, kile alichokitumia kunyolea ndevu.

"Usiharakishe," alimwambia. "Anza na shingo, umalizie na tumbo. Na utakaloliona, uliseme."

Mama Nabwire aliwakaribisha, akawaletea gitaa, kisha akaingia jikoni kupika chai. Lo, gitaa lenyewe! Lilikuwa limefifia rangi. Mpwa wa Mama Nabwire alikuwa amelifunga waya za breki ya baiskeli badala ya nyuzi. Shingoni lilikuwa na penseli iliyokazwa kwa mpira, kama walivyofanya wapigaji wengi wa mtaani ili kupandisha sauti. Otiende akalipiga kidogo. Likalia kama debe.

"Kwanza tutoe hii penseli," alisema Wangu.

"Ya nini? Kila gitaa lina penseli."

"Ndiyo maana hakuna anayetazama chini yake."

Alitarajia kukuta ufa uliofichwa. Akapapasa, asiuone. Akafumba jicho moja, akaitazama shingo kwa urefu wake. Ilikuwa imenyooka sawasawa. Akagonga tumbo, akaingiza kioo tunduni na kukagua mbavu za ndani. Zote zilikuwa zimeshika. Ukingoni mwa tundu aliona mistari ya mti ikipita kutoka juu hadi chini bila kukatika. Haikuwa plaiwudi. Ilikuwa mbao nzima, ya zamani, iliyokaushwa vizuri. Baba yake aliwahi kutengeneza gitaa moja tu la namna hii, na mwenye gitaa hilo akaliuza shilingi mia saba.

"Ni zuri mno," alinong'ona.

"Kelele!" Otiende alimsogelea. "Sema ni kuni. Atatupa hata kwa mia mbili."

"Nidanganye?"

"Nani kasema udanganye? Sema tu sauti yake ni mbaya. Si ni kweli?"

Mama Nabwire akatoka jikoni na chai, akaketi. "Haya, mwanangu. Mimi gitaa silijui. Nililipenda kwa sababu ya aliyelipiga. Utakalosema wewe, ndilo nitakalolishika."

Wangu alilipakata gitaa. Aliyafikiria mashindano, akakumbuka maandazi yaliyomuunguza vidole.

"Sauti yake ni mbaya, Mama," alianza. Otiende akatabasamu. Wangu akatazama kile kioo mkononi mwake, akaona aibu. "Ni mbaya kwa sababu ya hizi waya za breki. Gitaa lenyewe ni zima, tena ni mbao tupu. Mia tatu ni kidogo. Nimeona la namna hii likiuzwa mia saba. Na sisi hizo hatuna."

Mama Nabwire alilichukua gitaa, akalipangusa kwa leso yake. "Asante, mwanangu. Niachieni nifikirie."

Njiani Otiende hakunyamaza. "Jamani, tuna mtaalamu! Ametumwa kununua, amepandisha bei!" Jumapili wanakwaya wawili walimpa Wangu mgongo. Alirudi nyumbani akalia juu ya lundo la maranda.

"Ulimwambia yote uliyoyaona?" baba yake aliuliza.

"Yote."

"Basi njoo ule." Jioni nzima alipiga mluzi.

Jumatano, kwaya ikiwa mazoezini, Mama Nabwire aliingia akiwa amelibeba gitaa ndani ya leso. Akamkabidhi Roseline.

"Nipeni hizo mia mbili na hamsini. Zitatosha kwa nauli yangu na ya mizigo."

"Lakini Mama, sasa unajua ni la mia saba!"

"Kwa kuwa najua, ndiyo maana ninaweza kutoa. Mume wangu aliimba katika kanisa hili. Mngelichukua kabla sijaijua thamani yake, mngekuwa mmeniibia. Leo kinachozidi ni zawadi yangu."

Otiende alisimama, macho chini. "Mama, nisamehe. Mimi ndiye niliyemwambia Wangu aseme ni kuni."

"Nilikusikia, mwanangu. Ukuta wa jikoni kwangu ni mwembamba." Mama Nabwire akamgeukia Wangu. "Na huyu pia nilimsikia."

Fundi Muturi alilifunga gitaa nyuzi mpya. Siku ya mashindano lilitoa sauti tamu iliyowanyamazisha hata watoto wa kwaya nyingine. Wangu na wenzake walikuwa wa pili, lakini kwa nderemo walizorudi nazo Umoja, ungedhani hakukuwa na wa kwanza. Otiende alimwambia kila aliyekutana naye kwamba gitaa lile lilikaguliwa na Wangu.

Jioni hiyo Wangu alimrudishia baba yake kioo. Fundi Muturi akakikataa.

"Sikiliza, mwanangu. Mlanguzi naye ana macho, lakini akiona kasoro huitangaza, na akiona uzuri huuficha. Fundi husema vyote viwili, hata vikimgharimu. Ndiyo maana watu humwamini na kumfungulia mlango. Wewe sasa ni fundi. Kaa nacho."

"Na ndevu je, Baba? Utanyoaje?"

"Nitapapasa," alisema Fundi Muturi, akicheka. "Kioo kimepata mwenyewe."