Picha Aliyoishusha Hadidja

Kila Alhamisi akitoka shule, Hadidja alifagia studio ya babake karibu na stesheni ya Kindu, kisha akapanga dawa za kusafishia picha. Alikuwa na miaka kumi na mitatu tu, lakini kamera alikwisha kuizoea. Kwa hiyo baba huyo, Mzee Bulaimu, aliposhikwa na homa, alimtuma yeye akampige picha Mbaraka, mpiga gitaa aliyependwa na mji mzima.

Loo, karakana ya mtu huyo! Mbaraka aliunda magitaa mwenyewe, na mle ndani hukuona pa kukanyaga: mbao, nyaya, makopo ya gundi, redio zilizofumuliwa. Ukutani, kama kila mahali enzi hizo za chama kimoja, ilitundikwa picha ya Rais yenye kioo. Kioo hicho kikarudisha mwanga kwenye kamera. Mbaraka akiwa ameinama anakaza nyuzi, Hadidja akaishusha, akailaza chini kwenye maranda, akapiga. Hakumwambia mtu, wala hakukumbuka kuirudisha.

Picha ya Mbaraka ilitoka nzuri, Bulaimu akaitundika mlangoni pa studio. Hakuna aliyetazama sakafu iliyoonekana pichani, ila vijana wa chama. Waliona ndara ya Mbaraka juu ya uso wa Rais. Wakamchukua siku hiyohiyo, huku akiapa kwamba hajui lolote.

Hadidja akanyamaza. Aliogopa, na nani asingeogopa? Akisema, watamkamata baba. Siku ya tatu Sharifa, mkewe Mbaraka, akaja studio akilia, akauliza mumewe amekosa nini. Hapo mtoto akashindwa kuvumilia.

"Baba, ni mimi njo niliishusha picha ya Rais. Yeye hakujua."

Bulaimu hakumpiga. Alimshika mkono wakaenda ofisi ya chama, akasema kosa ni la nyumba yake. Walifokewa hadi adhuhuri, kamera ikabaki huko, lakini Mbaraka akaachiwa. Alitoka akichechemea, vidole viwili vya mkono wa kushoto vimevunjika.

Hadidja akapiga magoti kuomba radhi. Mbaraka akamwinua kwa mkono mzima.

"Nimekusamehe, mwanangu. Uliogopa, hata mimi naogopa. Lakini ungesema siku ya kwanza, vidole hivi vingekuwa vizima. Ukweli usiuweke mpaka kesho, kuna muntu anaumia akiungoja."