Hakuna Aliyemuuliza Apolinaria

Msimu wa kukausha tumbaku, sisi wa Goweko tunaishi na moshi. Mama mkwe wangu, Apolinaria, alichochea moto wa bani letu, lile jengo la kukaushia majani, zaidi ya miaka thelathini. Macho yake yakawa mekundu. Sisi tulimzoea hivyo.

Mwezi wa tatu, mtoto wa jirani yetu Masolwa alifariki ghafla. Watu walikuwa wamemwona mama mkwe akitoka katika nyumba ile. Basi maneno yakaanza: kwamba ni mchawi, na macho yake mekundu ndiyo ushahidi. Vijana wakaketi, wakaamua atengwe: asisalimiwe, asichote maji kisimani. Atakayesema naye, naye atatengwa.

Nikaogopa. Nasema wazi, niliogopa. Nilimwekea chakula mlangoni nikaondoka bila neno, kama namlisha mbwa. Mume wangu naye akanywea. Mama alikonda, akaacha hata kutoka kuota jua. Nilimwona anakufa polepole huku namwangalia, na sikufanya kitu.

Binti yetu Shukrani yuko kidato cha pili. Siku moja mwalimu wao, Renatus, alileta kadi za picha za kufundishia haki za binadamu. Kadi moja ilionyesha mzee amesimama mbele ya umati uliompa kisogo. Akawauliza wanafunzi mzee yule amenyimwa nini. Wakataja maji, chakula, nyumba. Mwalimu akatikisa kichwa.

"Amenyimwa kusikilizwa," alisema. "Hata mkimshuku mtu, kusikilizwa ni haki yake. Na macho mekundu si ushahidi wa chochote. Moshi huyaumiza, na zahanati wanatibu."

Shukrani alirudi analia. Akapita moja kwa moja hadi kwa bibi yake, akaketi naye kitandani. Mimi nilisimama mlangoni.

"Bibi, siku ile ulikuwa unafanya nini kwa akina Masolwa?"

Mama alimshika mkono.

"Nilimshika mtoto. Mama yake alikimbilia pikipiki ya kumpeleka zahanati. Mtoto akanifia mikononi."

Kumbe mke wa Masolwa alijua yote. Naye aliogopa kutengwa, akanyamaza.

Shukrani alimweleza mwalimu Renatus, naye akaenda na kadi zake kwa mtendaji wa kijiji, na mkutano ukaitwa. Kadi ile ikapita mikononi mwa vijana walewale. Mke wa Masolwa akasimama, akasema ukweli mbele ya wote. Amri ikafutwa. Siku hizi kwetu hakuna anayehukumiwa kabla ya kusikilizwa. Vijana walikuja kuomba radhi, na mama anatumia dawa ya macho.

Nami nilipiga magoti, nikamwomba anisamehe, nikamweleza jinsi nilivyoogopa.

"Wale vijana nimewasamehe, mama Shukrani," alisema. "Hawanijui. Lakini wewe tumekula chungu kimoja miaka kumi na sita. Wewe mbona hukuniuliza?"