Diski Kutoka Msimbati

Diski ilikuwa tupu. Mohamedi aliapa hivyo mbele ya watu, kwenye kantini ya bandarini, na Gaudensi hakuwa na sababu ya kumshuku mtu aliyefanya naye kazi zamu moja tangu msimu wa korosho uliopita. Lakini alipoichomeka kwenye mashine ya gemu, nyumbani kwake Mtawanya, runinga ilionyesha kuwa imejaa zaidi ya nusu. Kilichoijaza ni faili moja lisilo na jina.

Alilifuta. Runinga ikaonyesha limefutika. Alikwenda jikoni kunywa maji, na aliporudi lilikuwepo, kubwa kidogo kuliko mwanzo.

"Diski mbovu hii," alimwambia mkewe.

Raheli alikuwa amesimama mlangoni, upindo wa kanga puani. "Umeleta samaki?"

"Samaki gani?"

"Kuna utumbo wa samaki humu ndani."

Gaudensi alinusa. Hakusikia harufu yoyote. Raheli alikuwa na mimba ya miezi mitano. Kichefuchefu kilikuwa kimemwacha muda sasa, na wote wawili walidhani kimerudi.

Mashine waliichagua pamoja. Raheli ndiye aliyeshauri inunuliwe, ingawa si mpenzi wa gemu. Mumewe alikuwa akitoka kazini anapitia kwenye banda la gemu Ufukoni, anarudi giza limeingia. Mimba yao ya kwanza ilitoka siku ambayo Gaudensi alikuwa bandani, ameshika padi ya kuchezea, simu imezimwa. Hawakuwahi kuizungumzia vizuri siku hiyo. Alipopata mimba ya pili, Raheli alisema tu, "Kama ni gemu, lichezee hapa nitakapokuona."

Dukani, kijana aitwaye Amani aliwawekea mbili mezani. Moja ilikuwa na tundu la kuingizia sidii, nyingine haina.

"Nguvu ni ileile," alisema. "Isiyo na tundu, kila gemu unalishusha kwa bando. Yenye tundu, unaweza kubadilishana sidii na wenzako."

"Na ikijaa?" Raheli aliuliza. Alikuwa mwalimu wa shule ya msingi na alizoea kuuliza swali la pili.

"Itajaa tu, mwalimu. Gemu la mpira peke yake linameza sehemu kubwa. Ukiweka manne, matano, unaanza kufuta. Sasa kuna njia mbili. Kuna memori ya kuchomeka mle ndani, ina kasi, ila hapa Mtwara hatuna, mpaka iagizwe Dar. Au diski ya nje. Diski ni kama ghala. Hizi gemu mpya huzichezi zikiwa ghalani. Unazitunza mle, ukitaka kucheza unazihamishia ndani ya mashine."

Walichukua yenye tundu. Memori wangeisubiri. Gaudensi aliposimulia hayo kazini, Mohamedi alikoroga chai yake mpaka ikapoa. Kisha akasema anayo diski kwao Msimbati. Ya mdogo wake, Kassimu, ambaye hachezi tena. "Nitakuletea. Itakufaa."

Aliileta kwenye mfuko wa nailoni uliofungwa mafundo. Chembe za chumvi zilikuwa zimekauka kwenye tundu la waya. Gaudensi alizichokonoa kwa njiti ya kiberiti na kuzipuliza.

Mambo yaliendelea polepole, kama nyama inavyoharibika.

Kwanza walikuja inzi. Hawakwenda jikoni. Walitua juu ya diski, mmoja pembeni ya mwenzake, wakatulia. Ukiwapunga hawaruki, lazima uwasukume kwa kidole, na kidole kinarudi na utelezi. Gaudensi aliifuta kwa kitambaa. Asubuhi ilikuwa na utando mweupe tena, kama ute wa konokono, umeteremka mpaka kwenye waya.

Kisha chakula. Raheli alipika wali wa nazi, akapakua. Walipofika katikati ya sinia waliona punje zinajisogeza. Walikuwa funza, wa rangi ileile ya wali, wamepikwa na bado wazima. Gaudensi alikuwa ameshameza. Alitoka nje akajitapisha kwa vidole nyuma ya choo, na alipomaliza alimkuta mkewe naye ameinama ukutani akitapika maji matupu.

"Si mimba hii, baba," Raheli alisema kwa sauti ya chini. "Usiniambie tena ni mimba."

"Mchele wa dukani huu. Nitaurudisha."

"Mchele umetoka kwa mama. Kila siku tunaula."

Raheli akaacha kula. Alikunywa uji mwembamba akautapika, akanywa chai ya rangi akaitapika. Mifupa ya mabega ilianza kuonekana, tumbo likabaki vilevile. Alikuwa akiweka kiganja juu yake na kusubiri mtoto acheze. Akicheza, anafumba macho. Asipocheza, anamtazama mumewe, na Gaudensi anajua wanaikumbuka siku ileile.

Jumapili alasiri, baada ya misa, Gaudensi aliwasha gemu la mpira na kuvaa hedifoni ili kelele zisimsumbue mkewe aliyekuwa amelala. Alicheza kipindi cha kwanza. Katikati ya kelele za mashabiki alisikia mtu anakula. Alidhani ni mchezaji wa upande wa pili, kijana fulani mbali huko aliyesahau kuzima maiki. Akaangalia. Hakuwa ameunganishwa na mtu yeyote. Akapunguza sauti ya uwanja mpaka ikaisha, na ulaji ukabaki peke yake, karibu, mdomo wazi, ulimi ukigandana na kaakaa na kubanduka, meno yakisaga kitu kilicho na mifupa midogo. Ukatafuna, ukasita, ukameza, na katika kusita kule Gaudensi alisikia pumzi, si ya mtu anayepumua bali ya mtu anayenusa, na akatambua kuwa pumzi ile ilikuwa na joto, kwamba joto lile alikuwa akilihisi ndani ya sikio lake.

Alivua hedifoni. Sponji zilikuwa zimelowa. Alizikamua, yakatoka mate, mazito, yenye nyuzi, na ndani yake gamba moja la samaki.

Ndipo naye akaanza kusikia harufu.

Kesho yake alimvuta Mohamedi nyuma ya makontena.

"Diski ile ni ya nani?"

"Nilikwambia. Ya Kassimu."

"Kassimu yuko wapi?"

"Yupo nyumbani. Mzima." Mohamedi aliangalia huku na huku. "Siku hizi mzima."

"Mke wangu hali, Mohamedi. Amebeba mimba, na hali."

Mohamedi alichuchumaa kama mtu aliyepigwa ngumi ya tumbo. "Hukuniambia kama shemeji ana mimba."

"Ningekwambia ili iweje?"

Ukweli ukamtoka. Mwaka jana Kassimu alikataa kila kilichopikwa. Alikuwa akishinda kwenye gemu, na jioni anashuka ufukweni wanakoparulia samaki magamba, anaokota matumbo, anarudi nayo mfukoni. Walipomkataza aliwang'ata. Wakamwita Bi Asia, mganga wa kijijini kwao. Bi Asia aliuliza kijana anapenda nini kuliko vyote. Wakamwonyesha diski. Akalitoa jini lililompanda Kassimu akalihamishia mle, akaizika kwenye ndoo ya chumvi, akamwagiza Mohamedi aipeleke Ruvuma, pale mto unapoingia baharini, akaitose.

"Na wewe?"

"Nahodha alikataa kunipakia na ile ndoo. Nikairudisha nyumbani. Wiki ile ile chumvi ikaanza kuyeyuka." Alijifuta uso. "Nyie mna msalaba mlangoni. Jini la watu wa dini yetu, nikajua haliwapati. Nikasema litakaa kwako mpaka life njaa."

"Ukaniletea mimi."

"Wallahi nilijua nyie Wakristo majini hayawashiki."

Gaudensi hakumpiga. Alimpa simu, akasema, "Mpigie huyo bibi."

Bi Asia aliongea muda mfupi. Angekuja kesho baada ya adhuhuri, na chungu kipya na yai. Alimtaka Gaudensi asikilize vizuri. Asiichomoe diski. Asifute chochote. Na mke alale nyumba nyingine leo.

"Halifutwi, mwanangu," alisema. "Linahamishwa. Ukilitoa hujaliandalia pa kwenda, litajitafutia lenyewe. Umenielewa?"

"Nimekuelewa, bibi."

Alielewa, na njiani kuelekea nyumbani alikusudia kutii. Alipofika alimkuta Raheli amelala sebuleni kwenye mkeka, mahali pekee panapopita upepo, midomo imepasuka, kanga imelowa matapishi ya njano. Alijaribu kumwamsha ili ampeleke kwa dada yake. Raheli alifungua macho nusu.

"Siwezi kusimama," alisema. "Niache nilale kidogo."

Inzi walikuwa wameifunika diski yote. Gaudensi aliwasha runinga. Faili lilikuwa limekula karibu diski nzima, na namba za nafasi iliyobaki zilikuwa zikipungua mbele ya macho yake, kila zilipopungua kukisikika chini ya meza kule kutafuna, kule kusita, kule kumeza. Nje, jirani yake Joyce alikuwa akimwita kuulizia sala ya jumuiya, maana wiki hii ilikuwa ifanyike hapa, na Gaudensi akawaza wanajumuiya watakavyokaa kwenye viti hivi, akawaza bibi wa Msimbati atakavyopita mbele ya Joyce na chungu kichwani, akawaza kesho adhuhuri ni mbali na mkewe hajameza kitu tangu Ijumaa, na nafasi iliyobaki ikaingia kwenye namba za mwisho, na hakujua itatokea nini ikijaa, hakuna aliyemwambia itatokea nini ikijaa, na padi ilikuwa mkononi mwake, na kidole kilichozoea kufuta kikaenda kwenye maneno ya kufuta kila kitu, mashine ikamuuliza kama ana uhakika, akabonyeza, ikamuuliza tena, akabonyeza.

Inzi waliruka wote kwa pamoja. Wakatoka dirishani.

Kukawa kimya. Runinga ilionyesha diski tupu, nafasi yote wazi. Harufu iliondoka mara moja, kama mtu amefunga mlango. Gaudensi alikaa sakafuni, akasubiri faili lirudi. Halikurudi.

Nyuma yake Raheli aliguna, akageuka ubavu, akavuta pumzi ndefu kupitia puani.

"Nina njaa," alisema.

Alikula wali, maharage, na mkate wa asubuhi. Hakutapika. Gaudensi alimtazama akila mpaka machozi yakamtoka.

Bi Asia alikuja siku ya pili kama alivyoahidi, mwanamke mfupi aliyevaa baibui lililopauka, Mohamedi nyuma yake na ndoo. Aliishika diski, akainusa, akaigeuza, akaipapasa kwa kidole gumba.

"Humu hamna kitu," alisema. "Umefanyaje?"

"Nimefuta, bibi. Imeisha. Mke wangu anakula sasa."

Raheli aliingia na glasi za maji kwenye trei. Uso ulikuwa umejaa tena, ngozi inang'aa. "Shikamoo bibi. Karibu maji."

Bi Asia hakuitikia na hakupokea glasi. Aliangalia tumbo, akaangalia mkeka uliokuwa bado umetandikwa hatua chache kutoka kwenye meza ya runinga. Alingoja Raheli arudi jikoni.

"Ulipokuwa unafuta," aliuliza kwa sauti ya chini, "huyu alikuwa wapi?"

Gaudensi aligeuka akautazama mkeka. Mohamedi aliweka ndoo chini taratibu, isitoe mlio.

"Naweza kulitoa kwa mtu," Bi Asia alisema. "Kwa mtu aliyezaliwa. Huyu bado hajazaliwa, hana jina, sijui nimwite nani ili nilitenganishe naye. Mpaka atoke." Alivaa kandambili zake mlangoni. "Na mama yake msimwache karibu na wanaoparua samaki."

Aliondoka na chungu chake na yai lake.

Siku ya kliniki Gaudensi aliomba ruhusa kazini. Nesi aliitwa Magreth, mtu wa utani, aliyewazoea tangu mimba ya kwanza. Alimpima Raheli uzito akafurahi. Alimlaza kitandani, akaweka tumboni ile koni ya mbao ya kusikilizia mapigo, akainamisha sikio.

"Haya, bwana mdogo, tusalimie," alisema.

Alisikiliza. Utani ulimtoka usoni. Aliisogeza koni kushoto, akasikiliza tena, muda mrefu, kisha akainua kichwa na kujishika sikio. Lilikuwa limelowa. Alitazama vidole vyake, na uzi wa ute uliokuwa ukining'inia kati ya kidole na kidole, akavipeleka puani, akavirudisha haraka. Alikwenda kwenye karai akanawa kwa sabuni, akainusa mikono, akanawa tena.

Raheli alishusha blauzi bila haraka. Chini ya kucha zake, Gaudensi aliona, kulikuwa na magamba madogo yanayometameta.

"Nesi," Raheli alisema, akitabasamu. "Anakula vizuri?"