Uzito wa Upande wa Kushoto

Jua lilikuwa linazama kwenye milima ya Uporoto Jailos alipoegesha gari kando ya barabara pale Chimala, akachukua debe na kushuka kwenye mfereji wa mpunga kuteka maji ya rejeta. Hakuharakisha. Tangu mkewe Paskalina afariki, hakuna kitu kilichomfanya aharakishe.

Gari lilikuwa la mashindano, la kabla ya Vita Kuu ya Pili, la watu wawili. Mzungu mmoja wa shamba la chai aliliacha alipohama nchi, na Jailos, mwalimu wa fizikia aliyesomea Makerere, alilifufua kipande kwa kipande. Tatizo lilibaki moja: kuchemka. Alilikabili kama alivyofundisha darasani, sababu moja baada ya nyingine. Rejeta ilijaa kutu; aliichemshia magadi mpaka maji yakatoka meupe. Gari halikuwa na feni, kwa kuwa liliundwa lipoozwe na upepo wa mbio, si kwa kupanda vilima polepole; alilifungia feni ya lori. Cheche za plagi zilichelewa, moto ukawa unaishia kwenye ekzosi, alizirekebisha. Kisha akalipandisha mlima wa njia ya Chunya, juu kabisa, kwenye ukungu. Sindano ya joto haikutikisika.

Lakini kila alipoelekea Iringa, lilichemka.

Mara ya kwanza lilimkwamisha hapa hapa, akakosa siku ya kuondoa matanga ya mkewe. Wakwe zake wakasogeza siku. Kesho asubuhi wangemnyoa na kumwogesha maji ya dawa, kisha marehemu, aliyezikwa huko kwao, angeambiwa mbele ya ndugu zake kwamba huyu si mumeo tena. Basi la Iringa lililofuata lilikuwa la wiki ijayo. Mgane asiyeogeshwa, walisema kule ukweni, bado ana mke. Jailos hakuamini hayo. Alitaka tu kulala bila kusikia mtu akijigeuza upande wa pili wa kitanda.

Aliporudi na debe, alimkuta Crispin amesimama kando ya gari. Huyu alikuwa mdogo wake Paskalina, aliyetumwa kutoka Iringa kuja kumpokea njiani ili safari hii asikosekane.

"Kamwene, shemeji."

"Kamwene."

"Mnyakyusa na gari lako. Linakunywa kuliko ng'ombe wa Wasangu."

"Likipoa tunaondoka."

"Kwanza ulisema kutu. Halafu feni. Leo ni nini, limepata homa?"

"Linavuta mzigo mkubwa mno."

"Mzigo gani? Wewe mwenyewe umekonda kama ufito."

Jailos alikuwa anatazama magurudumu. Upande wa kulia, kati ya tairi na madigadi, kiganja chake kilipita kikiwa kimesimama. Alizunguka kushoto, akachuchumaa. Hapo hata vidole viligoma kuingia.

Kiti cha kushoto kilikuwa kitupu.

Alipima tena. Springi ya kushoto ilikuwa imebonyea, kama inavyobonyea mtu mzima akikaa.

Ssss... Rejeta ilikuwa inapumua. Chini ya harufu ya kutu na mpira wa moto palikuwa na harufu nyingine, hafifu. Mafuta ya nyonyo, yale aliyopaka Paskalina. Moshi wa kuni kwenye nywele.

Crispin, bado akicheka peke yake, alifungua mlango mdogo wa kushoto ili aketi. Aliweka mkono juu ya kiti, akauondoa.

"Pana joto," alinong'ona.

"Ni la injini. Joto halipotei, Crispin. Huhama tu."

"Shemeji." Utani ulikuwa umemtoka. "Siku ile ya mazishi. Ulipoondoka kaburini, ulisema nini?"

Kwao kina Crispin mtu huondoka kaburini kimya, bila kugeuka, kwa sababu marehemu mpya bado anasikia, na bado anatii. Jailos alikumbuka. Kila Jumapili, miaka yote ya ndoa yao, Paskalina alichelewa mlangoni mwa kanisa akisalimiana na wanawake wenzake, naye Jailos alimngoja pembeni, kisha akamwambia neno moja. Siku ile alisimama mbele ya udongo mbichi mpaka mvua ikaanza. Watu walikuwa wanaondoka. Mdomo ulisema wenyewe.

"Nilisema, 'Twende.'"

Crispin alitazama chini.

"Kaburi limetitia," alisema polepole. "Mama anasema halina mtu. Sisi tukamwambia ni mvua."

"Huenda ni mvua."

"Mwambie abaki. Sasa hivi, kwa mdomo wako. Barabara hii anajua inamrudisha wapi, ndiyo maana hataki. Neno moja tu, shemeji."

Giza lilikuwa limeshuka. Vyura wa mpunga walinyamaza wote kwa pamoja.

Jailos alifungua mdomo. Neno lilikuwapo, jepesi, tayari ulimini.

"Paskalina," alisema.

Nyiii...

Springi ililia. Kama mtu anayejigeuza ili asikie vizuri.

Jailos akamimina maji kwenye rejeta, akafunga kifuniko, akaketi kwenye usukani.

"Twende nyumbani."

"Shemeji, atakumaliza."

"Funga mlango taratibu," Jailos alisema. "Kanga yake isibanwe."

Akageuza gari, akamwacha Crispin kando ya barabara, akaelekea Mbeya.

Kwenye kilima cha kwanza sindano ilianza kushuka. Kilima cha pili ikashuka zaidi. Aliitazama bila furaha, kama mtu anayesoma jibu lililoandikwa na mwingine. Injini iliimba vizuri, kuliko siku zote.

Mbele ya nyumba yake alizima, akaweka kiganja juu ya boneti. Baridi, kama jiwe la mtoni. Injini iliyopanda kutoka bonde la Usangu haiwezi kuwa baridi. Alizunguka kushoto, akafungua mlango, akangoja.

Springi ilipanda taratibu.

Joto halipotei. Kola ya shati lake ilikuwa imelowa jasho. Aligusa shavu lake mwenyewe, kiganja kikaungua. Akachukua debe la maji ya rejeta, akayanywa yaliyobaki, kutu na yote, hadi tone la mwisho. Kiu haikukatika.

Ndani, gizani, kitanda kililia. Mtu alikuwa amesogea ukutani, kumwachia nafasi.