Kinguzo Kilichozidi

Duka la Mama Chapa lilikuwa na mashine ya nakala na kompyuta moja. Humo watu walichapishiwa kadi, barua na mitihani. Mama Chapa mwenyewe alikuwa mtu wa kushuku. Ukimsalimu kwa furaha, hujiuliza unataka kumwomba nini.

Asubuhi hiyo aliwasha kompyuta. Feni ikazunguka kidogo, ikasimama. Akabonyeza tena. Ikawa vilevile. Na mchana mwalimu angekuja kuchukua mitihani!

"Kikulacho ki nguoni mwako," alinung'unika.

Alikuwa akimfikiria mdogo wake, fundi redio. Jana yake ndiye aliyefunga bodi mpya ndani ya kompyuta. Bodi ni ile sahani pana ambayo vifaa vyote vya kompyuta huchomekwa juu yake. Mama Chapa hakuwa na shaka: mpya imechukuliwa, imewekwa kuukuu.

Mke wa mwanawe alikuwa akifagia. Kabla ya kuolewa alifanya kazi kwenye karakana ya kompyuta.

"Mama, niruhusu niitazame."

Mama Chapa alimpima kwa macho. Hata hajazoea nyumba, tayari anataka kufungua vitu vya watu!

"Haya. Lakini sibanduki hapa." Akavuta kiti, magoti yao yakakaribia kugusana.

Mkamwana alichomoa waya wa umeme ukutani. Akalaza kasha la kompyuta mezani, akafungua ubavu wake. Kisha akaweka kiganja kwenye chuma cha kasha, akatulia.

"Unapapasa nini?"

"Mwilini huwa kuna umeme kidogo, Mama. Wakati mwingine hatuuhisi, lakini unaweza kuharibu bodi. Nikigusa chuma kwanza, unaishia hapo."

Mama Chapa aliguna. Hakuamini.

Mkamwana alifungua skrubu, akazitia kwenye kisosi. Mama Chapa akakivuta kisosi upande wake. Mkamwana akachomoa nyaya, akainua bodi akiishika kingo tu.

"Mbona unaishika kama sufuria ya moto?"

"Katikati kuna vitu vyepesi kuvunjika, Mama."

Mama Chapa aliikagua bodi. Ilikuwa inang'aa. Mpya, haina hata vumbi. Basi labda aliyeiuza ndiye mwizi? Au binti huyu anamkingia kifua mjomba wa mumewe?

"Tazama humu," alisema mkamwana. Kwenye bati la ndani ya kasha palisimama vinguzo vidogo vya shaba. "Mgongo wa bodi haupaswi kugusa bati. Vinguzo hivi ndivyo huiinua. Kila kimoja kikae chini ya tundu la skrubu la bodi. Lakini hiki hakina tundu juu yake. Kimegusa mgongo wa bodi, umeme ukapita njia isiyo yake. Kompyuta ikajizima."

"Kama hakitakiwi, kwa nini kililetwa?"

"Bodi hazilingani ukubwa, Mama. Kinachozidi hutolewa. Sijui kwa nini Mjomba alivifunga vyote. Kazi yake nyingine ni safi."

Mama Chapa alikitazama kinguzo. Yeye alijua. Jana mdogo wake alikiweka kinguzo hicho pembeni, naye akamjia juu: "Kirudishe! Kilichokuja na kasha kikae ndani ya kasha. Usiniibie mchana kweupe!" Mdogo wake alikirudisha.

"Ni mimi," alisema taratibu. "Nilimlazimisha."

Mkamwana hakucheka. Alikifungua kinguzo, akakitoa. "Shika hapa, Mama, turudishe pamoja."

Wakaishusha bodi polepole, mpaka matundu yakakutana na vinguzo. Mkamwana alizitia skrubu zote kwanza bila kuzikaza. Kisha akakaza moja, akaenda pembe ya mkabala.

"Zikishika, inatosha. Ukitumia nguvu, bodi itapasuka."

Mama Chapa alikaza ya mwisho mwenyewe.

Nyaya zikarudi mahali pake, na waya wa umeme ukutani. Mama Chapa akabonyeza. Feni ikazunguka, ikaendelea kuzunguka. Kioo kikawaka. Mwalimu alipofika, mitihani ilikuwa bado ina joto la mashine.

Mama Chapa akampigia simu mdogo wake. "Njoo tunywe chai."

"Dada," sauti ikauliza kwa hofu, "leo kimepotea nini?"

"Hakuna kilichopotea, mdogo wangu. Njoo. Nataka kukuomba msamaha."