Uzi wa Nyuma

Nyumbani kwa Mapepe, neno lake ndilo lilikuwa la mwisho. Alikuwa fundi cherehani, mwepesi wa mikono na mwepesi zaidi wa mdomo. Aliishi na baba yake, mlinzi wa lango la kiwanda cha maziwa. Baridi ilipoingia, mzee alitoka kila alfajiri na koti jepesi, kifua kikikoroma.

Mapepe alinunua sufu ya rangi mbili, kahawia na nyeupe. Akaanza kumfumia sweta lenye maua kifuani.

Siku moja akaingia jirani yake, Mama Sindano, aliyefuma masweta ya shule miaka ishirini. Hakusifu maua. Aliligeuza sweta, akatazama nyuma.

"Mwanangu, ukifuma nyeupe, kahawia inapita nyuma ikisubiri zamu yake. Huo uzi wa nyuma umeuvuta mno. Sweta halitanyumbuka."

"Mimi fundi, mama. Uzi usipokazwa, kazi inafumuka."

"Hiyo ni nguo ya cherehani. Sufu..."

"Kwani nimekuita unisahihishe?"

Mama Sindano alichukua kanga yake akajiondokea.

Sweta likaisha. Kwa mbele lilipendeza, hilo halikuwa na ubishi. Mzee alipolijaribu, kichwa kilikwama kwenye shingo ya sweta, kikatoka kwa taabu, masikio yamekunjika.

"Vipi, Baba?"

"Linanikaa sawasawa, mwanangu."

Wiki tatu alitoka nalo, akarudi nalo. Mapepe alitamba mtaa mzima.

Asubuhi moja alipeleka mapazia ya mteja karibu na kiwanda. Akamwona baba yake langoni na shati tupu, akitetemeka, akiinua komeo la juu la lango. Sweta lilikuwa kwenye mfuko wa plastiki kando yake, limekunjwa vizuri.

"Baba! Mbona umelivua?"

"Nikilivaa siwezi kuinua mikono. Na lango halijifungui."

"Si ungeniambia!"

Mzee alitazama viatu vyake. "Nani anakuambia kitu wewe, mwanangu?"

Wiki ile ile kifua kilimbana mzee, akalazwa.

Mapepe alibisha hodi kwa Mama Sindano, sweta mkononi, macho yamevimba. Mama Sindano hakumsuta.

"Tulifumue lote," alisema. "Sasa sikiliza. Kila ukibadili rangi, tandaza kwanza vitanzi kwenye sindano. Uzi wa nyuma ulale juu yavyo, usiuvute. Ukipita vitanzi vitano, sokotanisha nyuzi mbili mara moja, vidole vya mvaaji visije vikanasa ndani. Ukifika upana wa vidole vinne, geuza utazame nyuma. Kisha livute kwa upande. Linanyumbuka?"

Mapepe alikosea, akauliza. Akakosea tena, akauliza tena. Kuuliza kulimuuma kuliko kufumua.

Mzee aliporudi kutoka hospitali, mwili ulikuwa umepungua. Mapepe alimvisha sweta. Lilipita kichwani bila kukwama.

"Linanikaa sawasawa, mwanangu."

Maneno yale yale. Mapepe hakuyaamini.

"Inua mikono, Baba."

Mzee aliinua mikono yote miwili, juu kabisa, kama anayeshika komeo. Sweta lilinyumbuka, kisha likarudi mahali pake. Safari hii alikuwa amesema kweli.

Lilikuwa na joto sana. Lakini langoni palishawekwa mlinzi mwingine, na mzee hakuwa na pa kwenda nalo.