Mtoto Aliyeitwa Mgeni

Jua la Chanzuru, kijiji cha Kilosa, lilikuwa limekwisha kupanda. Marciana alikaa mkekani, akikata viazi vitamu vipande vyembamba vya michembe. Vikianikwa vikakauka, watu wa nyumbani watakula mpaka masika. Jackline, mtoto wa miaka kumi na mmoja, alikuwa akikata vyake pembeni.

"Hivyo ni viazi au matofali?" Marciana alimtania. "Vitakauka mwaka gani?"

"Vikiwa vinene vinashibisha, mama."

Wakacheka.

Jackline hakuzaliwa na Marciana. Mama yake, Elizabeti, alikuwa jirani wa shamba. Alipofariki, hakutokea baba wala ndugu wa kumchukua mtoto. Marciana hakusubiri kikao. Matanga yalipokwisha alimshika mkono, akaenda naye nyumbani. Mumewe, Bundala, hakuuliza kitu. Alisogeza tu kitanda cha watoto, nafasi ikapatikana. Hiyo ilikuwa miaka miwili iliyopita.

Lakini mwaka huu mvua ziligoma. Mahindi yalikaukia shambani. Kati ya ng'ombe watatu waliotoka nao Shinyanga, alibaki mmoja. Kaya yao ilikuwa kwenye TASAF, mpango wa serikali wa kunusuru kaya maskini. Ila ruzuku yao ilihesabiwa kwa watoto wawili waliozaliwa na Marciana. Jackline hakuwemo. Daftari lake, sare yake, dawa yake ya malaria, vyote vilimegwa kwenye fungu la wenzake.

Asubuhi hiyo pikipiki ilisimama uani. Alishuka Loveth, mwenye nyumba ya wageni kule Mikumi, kando ya barabara kuu.

"Shemeji Bundala, habari za hapa? Nasikia mzigo umewaelemea. Nipeni huyo binti. Atakula, atavaa, atasoma. Kazi zenyewe ndogondogo, kutandika vitanda tu."

Bundala, aliyetoka ndani kumpokea, alikuna kichwa. "Mke wangu, pengine huko atashiba."

Jackline aliacha kukata.

"Jumatatu nitamfuata," alisema Loveth, akapanda pikipiki yake.

Atasoma! Neno hilo Kilosa linajulikana. Wasichana wangapi wamepandishwa magari kwa neno hilo? Walikwenda kusoma, wakaishia kufua mashuka ya madereva. Walirudi watu wazima, mikono imechubuka, na kuandika majina yao hawajui. Waliowachukua hawajaulizwa mpaka leo. Sokoni bado wanaamkiwa shikamoo.

Marciana aliyajua hayo. Akajifunga kanga, akaenda kwa Mwanne. Huyu ni mjukuu wa fundi wa reli, na ni mjumbe wa kamati ya TASAF ya kijiji.

"Shikamoo, Bi Mwanne."

"Marahaba, mwanangu. Mbona uso umekunjamana?"

Marciana alieleza yote. Mwanne alijipiga paja.

"Mikumi haendi mtu! Lakini niambie, kwa nini jina la mtoto halimo kwenye kaya yako? Walipopita kuandika watu, ulisemaje?"

Marciana aliinamisha kichwa. "Nilisema ni mgeni. Amekuja kusalimia."

"Mgeni wa miaka miwili!"

"Alikuwa amekaa palepale, Bi Mwanne, anasikia. Mama yangu alinifundisha kwamba mtoto haitwi yatima mbele ya masikio yake. Ningesemaje? Tena niliogopa. Wakijua si damu yangu, si watamchukua?"

Hasira ilimtoka Mwanne.

"Ulifanya kwa huruma. Lakini serikali haiwezi kumhudumia mtu isiyemjua. Na mtoto asiyeandikwa popote, yeyote mwenye pikipiki anambeba. Kesho tunakwenda mjini. Mtoto naye aje."

Kesho yake wakafika Ofisi ya Ustawi wa Jamii, Kilosa mjini. Benchi lilikuwa limejaa.

"Foleni hii? Rudini wiki ijayo," mzee mmoja aliwashauri.

"Wiki ijayo mtoto atakuwa anafua mashuka," alijibu Mwanne. "Tunakaa."

Wakakaa mpaka mchana. Afisa aliyewapokea aliitwa Doris. Aliwasikiliza bila kuwakatisha.

"Mama, hili ulilofanya ni jema," alisema. "Ila lina utaratibu wake. Linaitwa malezi ya kambo. Unaomba kwetu. Nitakuja nyumbani, nione mnavyoishi. Nitaongea na majirani. Na mtoto nitaongea naye peke yake. Mkikubaliwa, mnapewa kibali cha maandishi."

"Na umaskini wangu?" Marciana aliuliza kwa sauti ndogo.

"Umaskini si kosa. Tunaangalia upendo na usalama."

"Na ile ruzuku?"

"Ruzuku si mshahara wa kulea, mama. Ni msaada kwa kaya. Kaya yako imo tayari. Ukiwa na barua yangu, unaiomba kamati ya kijiji ihuishe taarifa zenu, jina lake lipelekwe. Likikubaliwa, naye atahesabiwa. Wajibu wenu ni kuhakikisha anakwenda shule kila siku. Shule ya msingi ya serikali haina ada."

"Umesikia?" Mwanne alimgusa bega. "Hilo huliombi kwa magoti."

Doris alichukua kalamu. "Haya. Wazazi wa mtoto?"

Marciana alimtazama Jackline. Miaka miwili alikuwa amelikwepa neno yatima.

"Mama yangu alikufa," alisema Jackline. "Aliitwa Elizabeti. Andika, dada." Kisha akamgeukia Marciana. "Najua, mama. Siku zote najua."

Marciana alifuta machozi kwa pindo la kanga. Kumbe neno alilomficha mtoto, mtoto alikuwa amelibeba peke yake.

Doris aliwapa barua. "Hii inaonyesha kwamba shauri liko kwetu. Mtu akitaka kumchukua kwa nguvu, pigeni 116, simu ya kusaidia watoto. Ni bure."

Jumatatu Loveth alifika. Bundala, ambaye mkewe alikuwa amemweleza yote, alikuwa amesimama mlangoni, barua mkononi.

"Huyu ni mtoto wa nyumba hii," alisema. "Ukitaka wa kutandika vitanda, ajiri mtu mzima, umlipe."

"Mmepata wapi jeuri hiyo?"

"Ofisini!" Mwanne alijibu kutoka upande wa pili wa ua.

Loveth aliondoka na nafasi tupu nyuma ya pikipiki.

Doris alikuja mara mbili. Mara ya pili alileta kibali. Miezi ikapita, taarifa za kaya zikahuishwa. Siku ya malipo, kaya ya Marciana ilihesabiwa watoto watatu. Fedha hazikuwa nyingi. Zilitosha sare mpya, viatu, daftari na kuku wawili wa kufuga. Jackline hakukosa shule hata siku moja muhula ule.

Siku ile ya malipo, kabla watu waliokuja kupokea hawajatawanyika, Marciana alisimama. Hakuwa amezoea kusema mbele za watu.

"Namshukuru Mungu," alisema. "Namshukuru Bi Mwanne, na yule dada wa Ustawi. Namshukuru mume wangu aliyesimama mlangoni. Mimi nilinyamaza, nusura nimpoteze mtoto. Kama unalea mtoto wa mwenzio na hujamwandikisha, usinyamaze kama mimi."

Bibi mmoja, Hildegarda, alimfuata taratibu akitegemea fimbo.

"Mwanangu," alinong'ona, "mimi ninao wawili."

Marciana alimshika mkono. "Kesho asubuhi, bibi. Nitakupitia, twende na watoto wote wawili."